Nusu ya Somo la Nyuki

Ma Koku tulimzika Jumanne, kwenye kibanja cha ukoo wa mumewe, juu kule milimani ambako migomba bado imesongamana hata jua la saa sita halifiki chini. Simu ya mwanawe Deo ilinikuta nyumbani Hamugembe, mjini Bukoba, nikichambua maharage barazani, na nikapanda gari la asubuhi kwenda Muleba bila kufikiri mara mbili. Baada ya maziko Deo alinishika mkono akanisimamisha mbele ya watu. "Huyu ni Mama Adventina," akasema, "mtaalamu wa nyuki aliyekaa na wazazi wangu Kimwani wakati wa vijiji vya ujamaa. Marehemu hakuacha kumtaja. Tunaomba atuambie neno." Nikasema kwamba Ma Koku alinilisha siku zote nilizokaa kwake kama mtoto wake wa kumzaa, kwamba sikuwahi kulala na njaa nyumbani kwake, kwamba Mungu amlaze pema. Watu wakaitikia. Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye nyasi nilimwona akifuta machozi. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nikarudi kukaa, na nilipokaa nikahisi uso unaniwaka vile vile ulivyoniwaka miaka hamsini iliyopita. Nimezeeka, watoto wangu wana watoto, nimestaafu kwa heshima na picha yangu ya kuagwa iko ukutani. Lakini kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia ukakamilika, hata kwa marehemu mume wangu, na nimeona niuandike sasa kabla sijawa mimi wa kusemewa maneno mazuri kaburini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifika Kimwani juu ya lori la mbegu za pamba, nikiwa na sanduku la bati, bomba la kufukizia moshi, kofia mbili za wavu, na cheti cha ufugaji nyuki ambacho nilikuwa nimekifunga kwenye kitenge ili kisikunjike. Darasani tulikuwa wasichana wawili tu. Mwenzangu aliolewa hata kabla ya mtihani, kwa hiyo nilijiona wa pekee, na ule upekee nilikuwa nautembeza kama kiatu kipya. Kijiji nacho kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa kwenye mistari miwili iliyonyooka, kuta bado zina unyevunyevu wa udongo, na watu wake walikuwa wametoka kwenye vibanja vyao vya milimani, wengine kwa hiari, wengine kwa kuambiwa, wakashushwa kwenye tambarare hii ya joto ambako mgomba hauoti vizuri na mahindi ndiyo chakula. Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka nyumba ya tatu kutoka mwisho. "Utakaa kwa mzee wetu, Ta Kaijage," akasema. "Hapa ndiye peke yake anayewajua nyuki. Mengine hayajui sana."

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo yao. Kilinuka nta na moshi wa zamani, na pembeni kulikuwa na gogo la mzinga ambalo Ta Kaijage alikuwa bado analichonga ndani. Kati yangu na chumba chao kulikuwa na ukuta wa matete, uliopakwa udongo upande mmoja tu. Asubuhi ya kwanza Ma Koku, mkewe, aliniwekea sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, laini, zimeiva hadi ndani, na nikala zote nikamshukuru. Siku zote nilizokaa nao nililetewa ndizi. Ilinichukua miezi mingi kugundua kwamba mkungu ule ulibebwa kichwani kutoka kwa shemeji yake mlimani, mara moja kwa wiki, na kwamba wao wawili walikuwa wakila ugali wa muhogo jikoni mimi nikiwa nimeshaondoka.

Ta Kaijage alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, sauti ya chini. Ukimwona amekaa ungesema anaweza kubeba nyumba. Aliniita "mwalimu" tangu siku ya kwanza, bila kejeli, ingawa alikuwa ameanza kurina asali kabla sijazaliwa. Nilipomweleza kwamba yule nyuki mrefu anayetaga mayai yote ya mzinga ni malkia, aliacha kuchonga.

"Sisi tunamwita omukama," akasema. "Mfalme. Kumbe ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, Ta. Ndiye mama wa wote."

Akacheka mpaka akashika tumbo, na nikaona uso umemkunjika ghafla kama mtu aliyechomwa mwiba. Kisha akamwita mkewe. "Ma Koku! Njoo usikie! Tumekuwa tukimpigia mwanamke magoti miaka yote hii." Na Ma Koku akajibu kutoka jikoni, "Wewe ndiye uliyekuwa hujui."

Tulifanya kazi vizuri, mimi na yeye. Mimi nilikuwa na majina na hesabu za siku. Nilimwambia kwamba yai hukaa siku tatu kabla ya kuwa buu, kwamba malkia hutoka chumbani mwake baada ya siku kumi na sita hivi, mfanyakazi wiki tatu, na dume huchelewa kuliko wote. Nilimwambia kwamba nyuki mfanyakazi habaki na kazi moja maishani, bali akizaliwa huanza kwa kusafisha vyumba, kisha hulisha mabuu, kisha hutoa nta na kujenga masega, kisha hulinda mlango, na mwishoni kabisa ndipo hutoka kwenda kutafuta maua, akahangaika wiki chache mpaka mabawa yanachanika akafa nje. Yeye alikuwa na masikio. Alikuwa akiweka sikio kwenye gogo na kusema, "Hawa hawana mama," na tukifungua tunakuta kweli, malkia hayupo. Alinionyesha mahali pa kutundika mizinga ili siafu wasipande, na jani la kufukizia ambalo haliwakasirishi. Jioni alikuwa ananiuliza maswali, na mimi nilijibu, na katika maswali hayo lilikuwemo la dume. Nilimjibu sawasawa kama nilivyofundishwa: kwamba dume hana mwiba, haleti chavua, halindi mlango, na kazi yake ni moja, kuruka juu kumfuata malkia kijana na kumpanda, na akishafanya hivyo hufa pale pale angani. Pasipo yeye malkia hutaga mayai yasiyo na faida na mzinga mzima unakwisha. Ta Kaijage alitikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Kazi moja, tena ya kufia." Nakumbuka hilo kwa sababu baadaye sikuweza kujidanganya kwamba nilikuwa nimesahau.

Kila alfajiri kijijini kipande cha chuma kilipigwa na watu wakaenda shamba la pamoja. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuliacha; viganja vyake vilikuwa vimepasuka, na sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Aliamini. Sote tuliamini, mimi nikiwemo. Ta Kaijage alikuwa akienda siku moja, siku mbili haendi. Akienda alilima nusu tuta kisha anaketi. Watu walianza kunung'unika kisimani na dukani. Wanawake waliniuliza mimi, "Mzee wako ana nini? Mwili wote ule wa nini?" Nami nikacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuwa upande wowote.

Lakini nilijua. Asubuhi moja, kabla chuma hakijapigwa, nilimsikia Ma Koku kupitia ukuta wa matete.

"Waambie, waitu, mume wangu. Waambie una ngiri."

"Nimwambie nani? Kamati? Niteremshe suruali mbele ya vijana niliowaona wakizaliwa?"

"Basi nenda hospitali ya Rubya wakutibu."

"Naogopa kisu."

"Unaogopa kisu, unaogopa watu. Sasa utabaki na nini?"

 Nikasikia kitambaa kikivutwa na kukazwa, mzunguko baada ya mzunguko, na pumzi yake ikitoka kati ya meno. Nilielewa sasa kwa nini alikuwa akicheka kwa kushika tumbo, na kwa nini alikuwa akiinua mizinga kwa kupiga magoti kwanza. Sikuwaambia kwamba nimesikia. Nilikunja kitenge changu nikatoka kwenda kunawa uso.

Mwezi wa nane tukaarifiwa kwamba mgeni kutoka wilayani atakuja kuona kijiji. Mwenyekiti alitaka kila idara ionyeshe kazi yake, na akaniomba nitoe somo la nyuki mbele ya wananchi wote. Ta Kaijage alifurahi kuliko mimi. Alichonga kisanduku chembamba, akaomba kioo cha dirisha kutoka zahanati, na tukaweka ndani sega moja lenye nyuki hai ili watu wawaone wakifanya kazi. Siku yenyewe alikibeba yeye, kutoka nyumbani hadi ghala la pamba, taratibu, akikataa kusaidiwa, akakiweka mezani mbele ya mgeni. Kisha akaenda kuketi kwenye gunia karibu na mlango, jasho likimtiririka.

Ghala lilijaa. Nilikuwa nimevaa gauni la buluu. Nilianza kwa woga, lakini nilipofika kwa wafanyakazi, jinsi wanavyopokezana kazi bila kupigiwa kelele na yeyote, niliona watu wanasogea mbele, na mgeni ameacha kuandika ananitazama. Nilikuwa sijawahi kutazamwa vile. Sauti yangu ikanijia yenyewe. Nikasema, "Hakuna anayekula asali ambayo hakuitolea jasho." Watu wakapiga makofi. Hata hivyo niliposema hayo nilijua si kweli kwa mzinga wowote duniani. Nikaendelea kwa madume. Nikasema ni wakubwa, wana macho makubwa, wanazunguka na kula. Kicheko kikapita. Nikasema kwamba ukifika wakati wa njaa, wafanyakazi huwakamata kwa mabawa, wakawaburura hadi mlangoni na kuwatupa nje.

Mwenyekiti alisimama. Alikuwa anauliza kwa nia safi, naamini hivyo hadi leo. "Bibi Nyuki," akasema, "hao madume hawana kazi kabisa?"

 Nilimwona mgeni ameinua kalamu. Jibu lote lilikuwa mdomoni mwangu, na lilikuwa refu, na lilikuwa linahusu kupandana, jambo ambalo msichana akilisema mbele ya wazee angechekwa. Na lingeharibu. Hilo ndilo neno la kweli: lingeharibu lile nililokuwa nimelijenga.

"Hawana," nikasema.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Na kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Hata sisi tuna dume letu hapa!" Watu wakageuka, wote kwa pamoja, wakamtazama Ta Kaijage kwenye gunia lake. Walicheka sana. Yeye hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akiwa ameinua kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Nikainama nikajifanya narekebisha kioo.

Tangu siku hiyo aliitwa Dume. Watoto walimwimbia njiani. Mgeni alinishika mkono akasema nina kipaji, na kwamba ataandika barua ili nipelekwe vijiji vingine. Jioni ile Ma Koku alinipakulia ndizi kama kawaida.  Nilikula nikitazama sahani.

Haikupita wiki kamati ikaamua: asiyefika shambani kila siku atafute mahali pengine pa kuishi. Hawakutaja jina. Mwenyekiti alikuja nyumbani mchana, Ta Kaijage akiwa kwenye mizinga, akanikuta mimi peke yangu nje nikiyeyusha nta. Alivua kofia. Akachuchumaa, akainusa ile nta.

"Wewe unakaa naye," akasema. "Nataka kujua kwa haki. Huyu mzee anaumwa?"

Nimeigeuza saa ile kichwani mwangu mara nyingi sana. Hakukuwa na mgeni pale, hakukuwa na makofi. Palikuwa na mtu mmoja aliyechuchumaa ananiuliza kwa upole, na neno moja tu lingetosha. Nilifikiri: nikisema ngiri, ataniuliza nimejuaje sehemu za siri za mwenye nyumba. Nilifikiri: nikisema anaumwa, basi lile nililosema ghalani litakuwa limemuumiza mgonjwa, na barua ile ya mgeni itakuwaje? Nilifikiri haya yote nikikoroga sufuria.

"Hajaniambia," nikasema.

Mwenyekiti akavaa kofia. "Basi," akasema, akaondoka.

Kesho yake Ta Kaijage alikwenda shambani kabla chuma hakijapigwa. Akaenda na siku iliyofuata. Alilima tuta zima, kisha la pili, bila kuketi, na watu wakasema, "Mnaona? Nguvu alikuwa nazo." Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, aliinama akashindwa kuinuka. Nilikuwa kwenye mizinga nikasikia Ma Koku akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Nilipofika alikuwa amelala ubavu kwenye udongo, magoti yamekunjwa hadi kifuani, anatapika, na mkanda wa kitambaa umefunguka umeonekana na watu wote. Yule kijana aliyepaza sauti ghalani alikuwa wa kwanza kushika mti wa machela. Mwenyekiti alishika wa pili. Walimbeba wakikimbia hadi barabarani, lori la pamba likampeleka Rubya, na njia nzima, Ma Koku aliniambia baadaye, alikuwa anaomba radhi kwa kuwachelewesha watu kazini.

Alipona. Kisu alichokiogopa ndicho kilichomwokoa. Nilimtembelea baada ya wiki mbili, nikiwa na chupa ya asali ya mizinga yake mwenyewe. Wodi ilikuwa safi, madirisha wazi, jua limelala kwenye mashuka. Alikuwa amepungua, mabega yametoka mifupa. Tuliongea habari za mvua, habari za mzinga uliohama. Ma Koku alitoka kwenda kuchota maji. Ndipo akaniita.

"Mwalimu."

"Naam, Ta."

"Mbona siku ile hukumaliza?"

Nikainama nikaigeuzageuza ile chupa ya asali.

"Uliniambia mwenyewe barazani," akasema, bila hasira, kwa sauti ile ya chini. "Ile kazi yake moja. Wewe ndiye uliyenifundisha. Walipogeuka kunicheka nikajisemea, ngoja, mwalimu hajamaliza. Sasa hivi atamaliza. Nikangoja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ananitazama. Nilisema, "Nisamehe, Ta," lakini nililisema kwa sauti ndogo mno, na wakati huo huo Ma Koku aliingia na ndoo, na sijui hata leo kama alilisikia. Sikulirudia. Nikasema lori linaningoja.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilirudi Kimwani nikaitisha mkutano nikasema somo zima. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiahidi garini. Lakini barua ya mgeni ilikuwa imefika, na nilitakiwa kwenda vijiji viwili vya jirani kutoa somo lile lile lililosifiwa. Nikaenda. Nilisimama mbele ya watu nikafika kwenye madume, na mtu akauliza swali lile lile, kwa maana ni swali ambalo kila mtu huuliza, na nikajibu vile vile. Mara mbili. Mara ya pili sikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka. Sijui kama katika vijiji hivyo alikuwepo mtu ameketi karibu na mlango. Sikutazama.

Ta Kaijage hakurudi kuishi Kimwani. Mwenyekiti alimwendea hospitali, akamwomba arudi, akamwambia atapewa kazi ya nyuki tu, jembe asiliguse. Alimshukuru akakataa. Alirudi mlimani kwenye kibanja cha kaka yake, akaishi miaka mingine mingi, na nasikia alifuga nyuki mpaka mwisho. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na sababu kila mwaka.

Mwisho wa mwaka ule nilihamishwa kwenda mjini Bukoba, kwa kupandishwa cheo. Siku ya kuondoka Ma Koku alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuchukua vyombo vyao vilivyobaki. Tulipishana ndani ya ile nyumba, mimi nikifunga sanduku, yeye akifunga vyungu kwenye mkeka, na nikatumaini lori lifike haraka. Alipomaliza aliingia jikoni. Akatoka na kifurushi cha majani ya migomba, cha moto, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Safari ni ndefu, mwanangu," akasema. "Na huko uendako usiwaambie watu kwamba hatukukutunza."

Nikapiga goti nikapokea. Nilitaka kusema kitu na nilikuwa na muda wa kukisema. Lori lilikuwa bado linapakia. Alisimama mbele yangu kidogo, kisha akanifunga vizuri mtandio shingoni kwa sababu ya vumbi, akajitwika mkeka wake akaenda.

Tulipovuka mto nilifungua kifurushi. Zilikuwa ndizi na samaki mkavu, na chumvi kidogo amenifungia pembeni kwenye jani dogo. Nilikuwa na njaa. Nilikula vyote.